Alama Yake

Afisa aliuliza taratibu, kama mtu anayeomba chumvi:
"Na babu yako, mzaa baba, alizaliwa wapi?"
Nikasema, Mwandiga.
"Shahidi?"
Nikasema, kaburi.
Akatabasamu, akafunga faili langu.

Huku kwetu Kigoma jina huwekwa mezani
likageuzwageuzwa kama fungu la dagaa,
likanuswa:
limetoka ng'ambo ipi, lilivuka lini, na nani.

Babu aliitwa Misigaro. Masalio.
Watatu waliomtangulia hawakufikisha jina.
Umri wake aliuhesabu kwa chuma:
"Mimi ni wa mwaka walipoiinua ile meli."
Mwezi gani, babu?
"Mwezi wa kuiinua."

Ile meli, Wajerumani kabla ya kuizamisha
waliipaka mitambo yake grisi, nzito, skrubu kwa skrubu,
maana walijua kesho ipo.
Ikalala matopeni miaka minane
ikatolewa na moyo wake mzima.
Jina la kichanga wa Mwandiga
nani alilipaka grisi?

Stoo ya Boma ina dirisha moja, nalo halifunguki.
Bi Domitila akanipa kitambaa cha kufunika pua
na daftari la vizazi, jalada la kijani,
mgongo umeliwa na mchwa.
Siku tatu nilifunga genge langu la Mwanga.
Nilisoma mtoto wa mhandisi wa reli.
Mtoto wa karani Mgoa.
Pacha wa Mgiriki, mmoja amekatwa kwa mstari mwekundu.
Wetu hawamo.
Wetu wamo daftari jingine, la kodi:
Mwandiga, vibanda mia moja na kumi na viwili, vimelipiwa.
Katika kimojawapo kuna mtu analia
na kilio hakina safu.

Siku ya tatu, saa tisa, nimekwisha kukunja kitambaa,
ukurasa wa arobaini na moja ukanishika mkono.
Tisa Septemba, elfu moja mia tisa ishirini na nne.
Msichana, Gulbanu.
Baba: Jivraj, mwenye duka, Ujiji.
Mkunga: mwenyeji, hajui kuandika.
Karani akamuuliza, bila shaka, unaitwa nani,
naye akajibu kama wanawake wetu wanavyojibu hadi leo,
kwa jina la yule aliyembeba mgongoni:

Mama Misigaro. Alama yake.

Nilisoma tena. Nikahesabu herufi kwa kidole.
Basi tarehe tisa alikwishakuwapo duniani,
amelala, au ananyonya, au anatazama wino,
na mama yake anaandikisha mtoto wa watu.

Alama si ya wino.
Kidole gumba, kikubwa, rangi ya machungwa iliyochakaa,
na karatasi pale imekuwa nyororo, inapitisha mwanga.
Mchwa wamekula juu yake, wamekula chini yake.
Pale wamezunguka.
Mimi nauza mawese mwaka wa kumi na tisa.
Sikuhitaji kuuliza mkunga hupaka nini mikononi.

"Hiki ni cheti cha Gulbanu," alisema Bi Domitila.
Najua, mama.
"Hakitakusaidia."
Nitolee nakala.
Akatoa, shilingi mia tano, mashine inakohoa,
na alama ikatoka ya kijivu, kama doa la chai.

Jumatatu nilipanga foleni tangu alfajiri.
Afisa akaisogeza karatasi karibu na taa.
Akasoma Jivraj, akasoma Gulbanu,
akasoma mstari wa mwisho mara mbili, midomo ikimchezacheza.
"Na hiki cha kijivu ni nini?"

Nikamnyooshea kiganja changu anuse.